Kutoka Kidato cha Pili hadi Darasa la Kumi: Namna ya Kuzoea Shule ya Sekondari ya Marekani

Kijana wa Tanzania, Kenya au Kongo anayehamia Marekani akiwa na umri wa miaka kati ya 14 na 18 huonywa na ndugu zake kuhusu baridi, lafudhi na upweke. Maonyo hayo yana maana, lakini ni nadra kumpata aliyeelezwa mapema jambo linaloamua kwa kiasi kikubwa mwenendo wa masomo yake, yaani namna alama zinavyokusanywa na kuhesabiwa. Katika mifumo tuliyoizoea, miaka yote ya sekondari huelekea kwenye mtihani mmoja wa taifa. Hata pale ambapo alama za maendeleo ya shuleni zinachukuliwa, kila mwanafunzi anajua kwamba aliyezembea Kidato cha Tatu, akafanya vibaya katika moko, yaani mtihani wa majaribio, kisha akakesha miezi ya mwisho, bado anaweza kutoka na daraja la kwanza, na hakuna chuo kitakachomuuliza alipata ngapi katika jaribio la mwezi Machi wa mwaka uliotangulia.

Marekani haina mtihani wa namna hiyo. Yapo majimbo yenye mitihani yake ya lazima, lakini cheti cha kumaliza sekondari hutokana hasa na masomo uliyofaulu moja baada ya jingine tangu darasa la tisa, na alama ya kila somo hutokana na kazi ndogo ndogo zinazoanza kuhesabiwa katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi hodari aliyefunzwa kusubiri mtihani wa mwisho anaweza kuanguka bila kujua kwamba anaanguka. Mwongozo huu unahusu shule za umma, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Elimu ya huko haisimamiwi na wizara moja kama kwetu. Kila jimbo lina kanuni zake, na ndani ya jimbo kuna wilaya za shule zenye uamuzi wao, hivyo kila linaloelezwa hapa kwa jumla lazima uliulizie tena mahali ulipofikia.

Karatasi za kubeba kabla ya safari

Cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo hukumbukwa na kila mzazi. Kinachosahaulika ni rekodi ya masomo ya mwaka kwa mwaka, ambayo kwa shule ya Marekani ina uzito kuliko cheti cha mtihani. Mwombe mkuu wa shule akuandalie, katika karatasi yenye nembo na mhuri, orodha ya masomo yote uliyosoma katika kila kidato, alama ulizopata kila muhula, na ikiwezekana idadi ya vipindi vya kila somo kwa wiki. Zile ripoti za kufunga shule ambazo hutupwa baada ya mzazi kuweka sahihi zikusanywe zote. Matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili nayo yabebwe, kwa sababu yanatoka nje ya shule na yanaaminika. Aliyesoma kwa Kifaransa, kama wanafunzi wa Kikongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma wanaofuata mtaala wa nchi yao, atahitaji tafsiri ya Kiingereza, na ni nafuu kuulizia tafsiri hiyo katika shirika linalokupokea kabla ya kulipa fedha zako mwenyewe.

Omba pia jedwali la viwango vya alama liambatanishwe na rekodi hiyo. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, A huanzia 75, B huanzia 65, na C ni kati ya 45 na 64. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90, B huanzia 80, C huanzia 70, D huanzia 60, na chini ya hapo ni kufeli. Karani asiyejua tofauti hii akiona 63 ya Kemia, ambayo huenda ilikuwa miongoni mwa alama bora za darasa lako, ataiandika D, na 58 ataiandika kuwa umefeli. Mwanafunzi wa Kongo yumo katika hatari hiyo hiyo, kwa maana katika shule za huko asilimia 50 ni kufaulu na asilimia 70 ni alama ya kujivunia. Ukurasa mmoja unaoeleza viwango, wenye mhuri wa shule, huepusha mabishano ambayo ukiwa ugenini hutakuwa na Kiingereza cha kuyaendesha.

Kuhusu chanjo, yapo mambo mawili tu ya kuzingatia. Majimbo mengi hudai chanjo ya tetekuwanga, ambayo haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Tanzania na Kenya, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kadi yako haijakamilika. Na kwa kuwa wengi wetu tulichanjwa utotoni BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, kipimo cha kifua kikuu cha kuchomwa kwenye ngozi huweza kutoa jibu la chanya bila mtu kuwa na ugonjwa. Mweleze muuguzi kuhusu chanjo hiyo na uulize kama kipo kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi nayo.

Siku ya kuandikishwa

Shule ya umma haina haki ya kukunyima nafasi kwa sababu ya hali yako ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotoka Texas. Utaombwa uthibitisho wa umri na wa mahali unapoishi, na mzazi atajaza fomu fupi inayouliza ni lugha gani huzungumzwa nyumbani. Baadhi ya familia huandika Kiingereza kwa kuhofia kwamba mtoto atawekwa na wanafunzi dhaifu. Naona huo ni uamuzi mbaya. Ukiandika Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda, mtoto atapimwa Kiingereza chake. Akiwa nacho cha kutosha ataendelea na madarasa ya kawaida, na akiwa hana atapata msaada ambao shule inawajibika kuutoa tangu Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols mwaka 1974, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa.

Jambo zito la siku hiyo ni darasa utakalowekwa. Wamarekani huhesabu miaka ya masomo, na hesabu hiyo inatofautiana kati ya nchi zetu. Mtanzania aliyesoma miaka saba ya msingi na kumaliza Kidato cha Pili amesoma miaka tisa, hivyo darasa linalomfaa ni la kumi. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, wenye miaka minane ya msingi, aliyemaliza Kidato cha Pili amesoma miaka kumi, na yeye anastahili darasa la kumi na moja. Karani anayeona neno lile lile katika karatasi za wote wawili anaweza kuwaweka pamoja. Beba hesabu hii ikiwa imeandikwa. Usisahau pia kwamba mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni, wakati wa Tanzania huanza Januari, kwa hiyo anayefika Machi hujikuta katikati ya somo ambalo wenzake wamelisoma kwa miezi saba. Uliza kama alama za kipindi hicho kilichobaki zitahesabiwa au kama utaruhusiwa kusoma kwa kuzoea tu hadi mwaka mpya.

Kuna shule zinazowarudisha wageni wote darasa la tisa bila kujali walichosoma. Wakati mwingine hiyo ni neema, hasa kwa mwenye miaka 14 au 15 ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga, kwa sababu atapata miaka minne kamili ya kujijenga. Kwa mwenye miaka 17 hesabu ni tofauti. Katika majimbo mengi haki ya kusoma sekondari ya umma bila malipo hukoma karibu na umri wa miaka 21, kama ilivyo Texas na New York, na mwanafunzi anayeanza darasa la tisa akiwa na miaka 17 na nusu hubaki na nafasi finyu ya kufeli hata somo moja. Vijana waliopitia kambini wawe waangalifu zaidi. Wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, na wengine mwaka wenyewe si sahihi. Tarehe hiyo ya karatasini ndiyo shule itakayoitumia, na kuibadilisha baadaye ni kazi ndefu ya kisheria.

Krediti

Krediti ni kipimo cha somo ulilolimaliza kwa kufaulu. Katika majimbo mengi somo la mwaka mzima ni krediti moja na la nusu mwaka ni nusu. Texas inadai krediti 22 kwa kiwango cha msingi na 26 kwa anayeongeza mkondo maalumu. New York inadai 22. Ndani ya idadi hiyo kuna mgawanyo usiochezewa: majimbo hayo yote mawili yanataka krediti nne za Kiingereza na zisizopungua tatu za hisabati, pamoja na sayansi, historia ya Marekani, elimu ya viungo na mengineyo. Mwanafunzi anaweza kuwa na krediti nyingi kuliko zinazohitajika na bado asihitimu kwa kukosa nusu krediti ya somo la afya ambalo hakuna aliyemkumbusha.

Hapa ndipo karatasi ulizobeba zinapofanya kazi. Omba miadi na kaunsela, yaani mshauri anayepanga masomo ya wanafunzi, na umuulize kwa maneno ya wazi: masomo yangu ya nyumbani yamepewa krediti ngapi, na katika mafungu gani? Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia na Historia hazileti ugumu mwingi, ingawa Mmarekani aliyezoea kusoma Biolojia mwaka mmoja, Kemia mwaka mwingine na Fizikia mwaka wa tatu atashangaa kuona umesoma zote kwa pamoja tangu Kidato cha Kwanza. Somo la Kiswahili liombewe krediti ya lugha ya kigeni. Wilaya kadhaa pia humruhusu mwanafunzi kufanya mtihani wa lugha ya mama na kupata krediti hiyo bila kukaa darasani, na majimbo mengi hutoa muhuri wa umahiri wa lugha mbili katika cheti cha kuhitimu, utaratibu ulioanzia California mwaka 2011. Kijana wa Kikongo mwenye Kiswahili na Kifaransa asikubali kuanza Kihispania cha mwaka wa kwanza kabla ya kuuliza habari hiyo.

Hisabati inataka msimamo zaidi. Kwetu aljebra, jiometri, trigonometria na takwimu husomwa kila mwaka zikiwa zimechanganywa katika kitabu kimoja. Marekani huzitenganisha: Aljebra 1 mwaka mmoja, Jiometri mwaka unaofuata, kisha Aljebra 2, na baada ya hapo masomo ya kuandaa kalkulasi. Kaunsela akikosa neno Jiometri katika rekodi yako ataona hujaisoma, naye atakurudisha Aljebra 1 pamoja na watoto wa darasa la tisa. Dhuluma hii ndiyo inayojirudia kuliko zote kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, na hutendeka bila nia mbaya. Ikatae kwa heshima. Omba upimwe kwa jaribio, na kabla ya kupimwa jifunze kutumia kikokotoo cha kuchora grafu, kwa kuwa umahiri wako wa kutumia vitabu vya majedwali hautaonekana popote, na ujizoeze inchi, futi, pauni na nyuzi za Fahrenheit ambazo hutokea katika maswali kana kwamba kila mtu amezaliwa nazo.

Kiingereza nacho kina mtego wake, hasa kwa anayeingia darasa la kumi na moja, kwa sababu krediti nne za somo hilo haziwezi kupatikana katika miaka miwili kwa mwendo wa kawaida. Baadhi ya wilaya hukubali Kiingereza ulichosoma Tanzania au Kenya kuwa krediti za Kiingereza. Nyingine hukihesabu kama somo la hiari tu. Uliza mapema, na ikibidi panga kusoma masomo mawili ya Kiingereza kwa mwaka au kutumia shule ya likizo ya kiangazi.

Alama hujengwa kila siku

Siku za mwanzo kila mwalimu hugawa karatasi au hutuma waraka unaoeleza somo lake, na ndani yake kuna mgawanyo wa alama: pengine majaribio ni asilimia 50, kazi za nyumbani 20, miradi 20, na ushiriki darasani 10. Mgawanyo huo hutofautiana kati ya mwalimu na mwalimu, hata wanaofundisha somo moja. Soma waraka huo kuliko unavyosoma kitabu chochote cha wiki hiyo, na kama Kiingereza chake ni kigumu, umpelekee mtu akusaidie, kwa kuwa ndio mkataba utakaohukumiwa nao.

Kinachowaangusha wageni zaidi ni sifuri. Kwetu, usipokusanya daftari unapata adhabu, pengine viboko, na mambo yanaisha hapo. Alama ya mwisho haiguswi. Marekani hutachapwa wala kukaripiwa, na ukimya huo hudanganya, kwa maana sifuri imeshaandikwa. Chukua mazoezi manne yenye uzito sawa. Umepata 90, 85 na 95, na la nne hukulileta. Jumla ni 270, ukigawa kwa nne ni 67.5, yaani D, ingawa kila ulichokiandika kilikuwa kizuri. Lau ungelileta lile la nne hata likiwa bovu, ukapewa 50, wastani ungekuwa 80 na ungeandikiwa B. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kukusanya kila kazi, hata isiyokamilika na hata iliyochelewa. Walimu wengi hupokea kazi iliyochelewa kwa kupunguza alama, na wengine huruhusu jaribio kurudiwa baada ya mwanafunzi kufanya marekebisho. Ruhusa hizo hazitangazwi kwa sauti. Anayeziomba ndiye anayezipata.

Alama zote huonekana katika mfumo wa mtandaoni wa shule, kama vile PowerSchool, Infinite Campus au Canvas. Chukua nywila yako wiki ya kwanza, na ujiwekee siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa jioni, ya kupitia kila somo ukitafuta kitu kimoja tu: kazi iliyoandikwa kuwa haijaletwa. Mara nyingine kazi uliikusanya na mwalimu hajaiingiza, au uliituma mtandaoni bila kubonyeza mahali pa kukamilisha. Ukigundua katika wiki hiyo hiyo, mwalimu hurekebisha kwa dakika moja. Ukigundua mwisho wa muhula, milango imefungwa.

Alama za mwisho za masomo hubadilishwa kuwa wastani unaoitwa GPA, ambapo A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na kufeli ni 0. Masomo ya kiwango cha juu huweza kuongezewa uzito. Wastani huu huanza kuhesabiwa darasa la tisa na vyuo huusoma wote, kwa hiyo hakuna mwaka unaoweza kuitwa wa kujipasha moto. Vyuo vingine huomba pia mtihani wa kuingilia chuo, yaani SAT, yenye alama 400 hadi 1600, au ACT, yenye 1 hadi 36, lakini mitihani hiyo haifuti wastani mbaya kwa namna mtihani wa taifa unavyofuta uzembe wa Kidato cha Tatu. Ukifeli somo la lazima utalirudia, na utalazimika kuishi na alama yake katika rekodi, isipokuwa pale ambapo wilaya huruhusu alama mpya kuchukua nafasi ya ile ya zamani.

Kiingereza cha darasani

Majimbo mengi hutumia vipimo vya Kiingereza vinavyoitwa WIDA, vyenye ngazi ya 1 hadi ya 6. Texas, California na New York zina vipimo vyao. Unapimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kisha kila mwaka unapimwa tena hadi utakapofikia kiwango cha kutoka. Waliosoma sekondari kwa Kiingereza hupata matokeo yasiyolingana: kusoma na kuandika kuko juu, kusikiliza kuko chini, kwa sababu hawajazoea kasi na lafudhi ya Wamarekani. Hali hiyo hupungua baada ya miezi kadhaa, na isikutie unyonge. Mwombe mwalimu aandike maagizo ubaoni au ayaweke mtandaoni, kaa safu za mbele, na uyakubali maandishi yenye tahajia ya Kimarekani bila kubishana juu ya ile ya Uingereza uliyofundishwa.

Ukiwekwa katika darasa la Kiingereza kwa wageni, linaloitwa kwa kawaida ESL, uliza swali moja ambalo familia nyingi hulisahau: je, somo hili linatoa krediti ya Kiingereza au ya hiari? Texas, kwa mfano, ina masomo ya Kiingereza ya mwaka wa kwanza na wa pili yaliyoandaliwa kwa wasemaji wa lugha nyingine, nayo huweza kuhesabiwa badala ya yale ya kawaida. Mahali pengine somo kama hilo hujaza ratiba bila kusogeza cheti karibu. Uliza vilevile kama kipindi hicho kinakutoa katika Kemia au Aljebra, kwa kuwa msaada wa lugha haupaswi kukugharimu sayansi.

Adabu tuliyofunzwa na inavyosomwa huko

Mtoto wa Kiswahili amefunzwa kuinamisha macho anapozungumza na mkubwa, kunyamaza hadi aulizwe, na kutombishia mwalimu mbele ya watu. Marekani macho yaliyoinama hufasiriwa kuwa ya mtu anayeficha jambo, na ukimya hufasiriwa kuwa kutojua au kutojali. Hatukuombi uitupe adabu yako, ambayo walimu wengi wakishaielewa huithamini sana. Unachotakiwa ni kumtazama mwalimu usoni, kunyoosha mkono walau mara moja katika kila kipindi, na kuzoea kusema kwamba hukuelewa. Mwalimu huitwa kwa jina lake la ukoo likitanguliwa na Mister au Miss, wala husimami anapoingia. Kumwendea baada ya masomo kuomba maelezo zaidi hakuna aibu wala malipo. Ile tuisheni ambayo kwetu hulipiwa, pale imo ndani ya kazi yake.

Suala la kunakili linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kwetu anayekariri aya za kitabu na kuziandika neno kwa neno husifiwa kwa kumbukumbu nzuri. Marekani aya hiyo hiyo, ikiandikwa bila kutaja ilikotoka, huhesabiwa kuwa wizi, na huweza kuleta sifuri, wito wa mzazi na doa katika rekodi ya nidhamu. Hali kadhalika kumpa rafiki daftari lako anakili, jambo ambalo kwetu ni ukarimu, huwaadhibu wote wawili. Kutafsiri insha nzima kwa programu za kompyuta kunaangukia huko huko. Kutafuta maana ya neno moja moja kwa kawaida kunaruhusiwa. Andika kwa Kiingereza chako kibovu. Mwalimu ataona unakotoka na atapima hatua unazopiga.

Mengine utayazoea ndani ya mwezi: wanafunzi ndio wanaohama vyumba kengele inapolia, walimu hubaki mahali pao, tarehe huandikwa mwezi kabla ya siku, nywele hazinyolewi kwa amri, na shule nyingi za umma hazina sare. Jihadhari tu na utani wa kupigana au wa kutishia, hata ukiwa wa kucheka, kwa sababu shule nyingi zina askari ndani na maneno hayo hushughulikiwa kama tishio halisi.

Kwa mzazi au mlezi

Kwetu mzazi huitwa shule kukiwa na kikao au kosa, na asipoitwa huhesabu kwamba mambo ni shwari. Huko shule humtarajia mzazi aandike, apige simu na aulize, na asipofanya hivyo humwona kuwa hajali, hata kama ukweli ni kwamba anafanya kazi zamu ya usiku ghalani. Hudhuria walau mkutano wa kwanza wa walimu na wazazi, na uombe mkalimani wa Kiswahili mapema. Katika wilaya zilizopokea Wakongo wengi, kama zile za Lexington na Louisville huko Kentucky, si ombi geni. Mtoto asitumiwe kama mkalimani katika mazungumzo yanayohusu alama zake au nidhamu yake mwenyewe. Sababu yake haihitaji maelezo. Utoro nao huhesabiwa kwa makini, hivyo kila siku mtoto anapoumwa shule ijulishwe asubuhi hiyo hiyo, na kijana asizuiwe nyumbani kulea wadogo zake siku za masomo, maana siku hizo zikizidi jambo huweza kufika mahakamani.

Aliyefika akiwa na miaka 17 au zaidi

Huyu ndiye mwenye uamuzi mgumu kuliko wote. Atashauriwa na watu wenye nia njema aachane na sekondari, afanye GED, mtihani unaotoa cheti kinachohesabiwa sawa na cha sekondari, kisha aingie kazini. GED ni njia halali. Ina masomo manne na alama ya kufaulu ni 145 kwa kila somo. Lakini kwa mgeni ambaye Kiingereza chake hakijakomaa, mtihani huo si rahisi kama unavyosimuliwa, na humwondolea miaka ya mafunzo ya lugha ya bure, kaunsela, chakula cha mchana na njia ya kawaida ya kwenda chuo. Mwenye miaka 17 au 18 ambaye angalau nusu ya krediti zinazohitajika zimekubaliwa kutoka nyumbani, kwa maoni yangu, abaki sekondari, asome masomo ya kiangazi, na aombe mwaka wa tano kama jimbo linaruhusu. Mwenye miaka 19 asiye na rekodi yoyote ya masomo aulizie kwanza kama wilaya ina shule ya sekondari ya jioni au ya watu wazima inayotoa cheti kamili, kabla ya kuifikiria GED. Aliyekwisha kumaliza Kidato cha Nne na kufaulu naye asikimbilie kuonyesha cheti chake kaunta: aulize kwanza, katika ofisi ya wilaya na katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu, kama cheti hicho kinahesabiwa kuwa sawa na cha kuhitimu sekondari. Kikihesabiwa hivyo, huenda shule ya sekondari isimpokee, lakini mlango wa chuo cha jamii utakuwa wazi kwake mara moja, pamoja na masomo ya Kiingereza yanayofundishwa humo humo.